Soksi Kwenye Kengele

Jumatatu, tarehe 6 Mei

Vita vimetangazwa! Baada ya uji Matroni alitukusanya wazee wote wa nyumba hii ukumbini, akasema Ijumaa kuna zoezi la moto. Kengele ikilia kila mtu atoke, asibebe kitu, asirudie kitu, akasimame kwenye kibanda cha getini. Tukaitikia kama watoto wa chekechea. Kisha akaniita pembeni kwa sauti ya upole. Hatari. Matroni akiwa mpole ana jambo.

Cherehani ya marehemu mke wangu iondoke koridoni. Iende stoo.

Stoo! Kwenye ndoo zilizotoboka na panya!

Nikamweleza kuwa haienei chumbani. Ikiingia hiyo, natoka mimi. Akasema analijua hilo, ndiyo maana amenyamaza siku zote. Lakini kiti cha magurudumu cha Mkunga, jirani yangu wa mkabala, hakipiti pale bila kukwaruza. Mkunga mwenyewe hajawahi kulalamika. Husema amewapitisha watu njia nyembamba kuliko hiyo, tena wakilia.

Chini ya sindano bado liko pindo la pazia alilokuwa akishona marehemu. Uzi wa kijani. Limefika nusu. Sijaligusa. Ndipo alipoishia.

Haiendi stoo.

Jumanne, tarehe 7

Mbinu ya kwanza: kuificha. Nimeifunika kitambaa cha meza, nikaweka na chombo cha maua juu. Sasa si cherehani tena, ni pambo.

Mpishi akapita na sufuria la chai akipiga kelele zake za kila siku: "Moto! Moto huo!" Sote tuliokaa kwenye viti vya koridoni tukavuta miguu bila hata kuinua macho. Cherehani haikuguswa. Mambo safi.

Kisha akaja Gadi. Alikuwa gadi wa treni, na filimbi yake ya kazi haimtoki shingoni hata akienda kuoga. Goti lake moja lilistaafu kabla yake. Akaweka kikombe kando ya maua yangu, akaweka mguu chini, kwenye kanyagio. Kwii, kwii, kwii. Akauliza kwa sauti ya stesheni: Mzee Rangi, hii meza yako inakwenda wapi?

Kicheko koridoni kote. (Nilikuwa mpaka rangi wa nyumba. Jina likaganda kama rangi yenyewe.)

Jumatano, tarehe 8

Mbinu ya pili: madaraka. Matroni anataka kiongozi wa zoezi, mmoja wetu, na huyo ndiye atakayesema kipi kinaziba njia. Nikagombea. Nilitoa hotuba juu ya uhai, utulivu na umuhimu wa samani. Gadi hakuhutubia. Alipuliza filimbi. Ukumbi mzima ukasimama wima, na mimi nikiwemo.

Kashinda. Mkunga alinipa kura yake. Nyingine ilikuwa yangu.

Amri yake ya kwanza: cherehani stoo, keshokutwa baada ya zoezi. Akaniambia pole, shemeji. Huniita shemeji kwa kuwa anadai marehemu alikuwa wa kwao, na kwamba nilimwoa dada yake bila kumwona yeye. Utani wa miaka. Leo sikucheka.

Alhamisi, tarehe 9

Mbinu ya tatu. Hii ni ya kijenerali. Zoezi likiharibika, kiongozi anaaibika. Kiongozi akiaibika, amri zake zinakufa. Cherehani inabaki!

Kengele ya koridoni ni bakuli la chuma na kinyundo chake. Wenzangu walipolala baada ya chakula cha mchana nilipanda kiti, nikachomeka soksi katikati. Ilikuwa ya mguu wa kulia, yenye kiraka cha uzi wa kijani kisiginoni. Marehemu alinishonea huku akinisuta kuwa nakanyaga chini kama nadai kitu. Sikupenda kuitumia hiyo. Ndiyo niliyokuwa nimevaa.

Mguu mmoja una baridi. Roho imetulia.

Ijumaa, tarehe 10

Chai ilikuwa bado, na zoezi bado. Mpishi akapiga kelele huko jikoni: Moto! Tukavuta miguu. Akarudia: Moto! Tukavuta zaidi. Mkunga akasema leo sufuria lazima ni kubwa. Mara Mpishi akatokea mlangoni mikono mitupu, kilemba kimekaa upande: "Moto wenyewe, jamani! Si wa chai!"

Kitambaa cha kushikia sufuria kilikuwa kimeangukia jiko, pazia la dirisha likashika. Moshi ukaanza kutambaa darini. Matroni akakimbilia swichi ya kengele.

Kengele ikasema: mmf.

Mmf!

Milango ya mwisho wa korido yote ilikuwa imefungwa, na wenyewe ndani hawajui lolote. Mkunga akageuza kiti chake, gurudumu likanasa kwenye cherehani. Nyuma yake Gadi kashika ukuta, goti limegoma. Niliitazama kengele juu. Nikaitazama miguu yangu. Kupanda kiti tena, na moshi umetanda juu vile! Hapo nikamsikia marehemu kama yuko ubavuni: wewe mwanamume, utasimama hapo mpaka lini? Sukuma!

Cherehani ina vigurudumu vya chuma. Nikamwambia Gadi apande juu. Akasema hajapanda behewa bila tikiti tangu azaliwe. Nikamwambia panda, shemeji, utani utatukuta nje. Akapanda, akakalia pindo. Nikasikia uzi ukikatika. Mlio mdogo, kama mtu aliyetaka kusema neno akaacha.

Nikasukuma. Mkunga akashika mkanda wa suruali yangu kwa nyuma, nikamburuta naye. Gadi akapuliza filimbi njia nzima. Milango ikafunguka mmoja baada ya mwingine. Hakuna mzee asiyejua filimbi ya treni, na hakuna anayekubali kuachwa. Tulifika kibandani treni nzima, abiria wote wamo. Matroni na Mpishi wakaumaliza moto kwa mtungi wa kuzimia na mchanga. Limeungua pazia tu.

Gadi akauliza kengele ilipatwa na nini. Nikasema vitu vya umeme havitabiriki.

Jumamosi, tarehe 11

Matroni alikuja chumbani na soksi. Imefuliwa, imekunjwa vizuri. Humu ndani kila mtu anaujua ule uzi wa kijani. Alikaa ukingoni mwa kitanda. Afadhali angefoka. Akasema kwa ile sauti yake ya upole: Babu, wale wa mwisho hawakusikia. Nikasema najua, mwanangu. Akaniwekea soksi gotini.

Cherehani haitarudi koridoni, akasema. Lakini haiendi stoo. Itakaa kibandani, pana paa na nafasi.

Jioni Gadi akabisha hodi, kofia mkononi. Alikuwa amekuta kipande cha uzi kimenasa kwenye suruali yake, akaona si kitu cha kutupa. Akasema pole, shemeji. Safari hii hakutania. Mbele yangu akapangusa filimbi yake kwa shati, muda mrefu, mpaka nikamwambia imetakata.

Uzi nimeuweka ndani ya soksi.

Jumatatu, tarehe 13

Kengele mpya imefika. Inawashwa kwa kitufe chekundu, na kitufe kimefungwa ukutani mlangoni kwangu, palepale ilipokuwa cherehani. Ni cha dharura, amesema Matroni. Alisema akinitazama.

Cherehani naiona kwa dirisha, kipande tu. Mlinzi ameweka redio juu yake. Redio! Na sisi haturuhusiwi kwenda getini bila mhudumu, na wahudumu wana kazi zao. Isipokuwa kengele ikilia. Kengele ikilia tunatoka sote, tunakaa nayo pale, na Gadi anatuhesabu. Gadi huhesabu polepole mno.

Nimeuliza zoezi lijalo lini. Mwezi ujao. Mwezi mzima na ile redio!

Nimekigusa kitufe. Kwa kidole kimoja, kuona kama fundi alikikaza. Chepesi kama siagi.

Mkunga alifungua mlango wake nusu, akanitazama, akatazama kidole. Akauliza avae viatu?

Nimemwambia avae.