Maiti Sita za Mvara

Asubuhi ile Ondoga alipofariki, Drani ndiye aliyelia kwa sauti kubwa kuliko wote, na alilia huku akielekea dukani. Marehemu aliacha mjane, Mariam Poni, na chumba cha intaneti hapo Mvara, mjini Arua, chenye kompyuta sita. Drani, ambaye hakuwahi kumiliki hata kikokotoo, aliona si haki msiba mkubwa namna ile upite bure.

Akaomba kuchaji simu. Waombolezaji wakiimba uani, alizunguka nyuma ya kila kompyuta akachomoa kidude cha kudakia waifai, kidogo kama ukucha. Vyote sita vikaingia mfukoni. Kisha akarudi uani kumalizia kilio.

Baada ya mazishi mjane alifungua duka. Kompyuta ziliwaka vizuri, intaneti hakuna. Wateja wakaanza kuhamia kwingine. Bila duka, Mariam Poni angerudi kijijini Midia kulima mihogo ya kaka yake, na kaka huyo alikwisha kumnunulia jembe.

Ndipo Drani akatokea, amevaa tai.

"Pole, shemeji," alisema. Ushemeji huo ulianzia msibani. "Hii mashine iko na Windows?"

"Hapana. Marehemu alitia Linux."

Drani akashika kichwa. "Ile ya bure?"

"Ya bure."

"Sasa unaona? Kitu ya bure haina mwenyewe. Ikigonjwa, utapeleka kwa nani? Fundi yake alikuwa moja tu Arua yote, na tumemzika." Akanyoosha tai kwa heshima. "Hizi imekufa, shemeji. Imemfuata. Lakini mimi iko na huruma. Nitanunua kama chuma."

"Chuma?"

"Chuma tu."

Mjane akafikiri. "Rudi Ijumaa. Wacha niziage."

Ijumaa Drani alifika na pikapu ya kukodi. Masanduku sita ya kompyuta yalikuwa yamepangwa mlangoni, yamefunikwa kitenge cheusi.

"Hutaki kuwasha kwanza uone?" Mariam Poni aliuliza.

Drani akarudi nyuma hatua moja. Aliyeapa kwamba zimekufa angeziwashaje, ziamke mbele ya mwenyewe? "Shemeji! Mutu anaamsha maiti?"

"Haya. Iko nzito, angalia mgongo."

Drani akalipa bei ya chuma kwa uso wa huzuni, akapanda pikapu, akacheka njia nzima hadi Koboko, karibu na mpaka.

Huko alingojwa na Yangi, mfanyabiashara kutoka Sudan Kusini, aliyekubali kulipa bei ya kompyuta nzima iwapo ataona intaneti kwa macho yake. Drani alichomeka kidude mbele ya sanduku kwa madaha kama daktari, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza ya pili. Kimya. Yangi alitafuta bisibisi, akafungua sanduku. Ndani mlikuwa na matofali, yamefungwa gazeti kwa unadhifu mkubwa.

"Bwana Drani," alisema Yangi, "unaniuzia kompyuta ao nyumba?"

Drani akapiga simu Mvara. "Shemeji, umeniibia!"

"Nimekuibia nini? Uliomba chuma, chuma iko. Matofali nilikuongeza."

"Lakini ulijua namna gani?"

"Niliuliza kwa simu kikundi ya Linux, ile marehemu alikuwa anasaidia watu. Wakanipa pole, wakaniambia andika neno moja kwa kompyuta, itataja kila kitu imechomekwa. Kibodi iko. Mausi iko. Kidude ya waifai hakuna, zote sita! Vidude sita itatembea yenyewe mpaka kaburini?"

Drani akavitazama vidude kiganjani.

"Uko hapo, shemeji? Wakanifundisha na kutoa matumbo ya kompyuta, sanduku ibaki tupu. Watu wazuri sana. Wa bure."

"Basi nirudishie pesa, nikurudishie vidude."

"Kaa nayo. Pesa yako imenunua vipya."

Kompyuta za Mvara sasa zimelazwa juu ya mbao mezani bila masanduku, matumbo wazi, na haruhusiwi mtu kuingia na chai. Duka linafunguliwa saa mbili asubuhi.