Tupa, Springi na Mdalasini Wangu

Jumatatu, 5 Mei 2025
Kisu cha jikoni kimenichoma paja leo, kwenye pindo la khanga, napanda mlima kwenda kumenya mdalasini. Basi. Nataka kisu cha kukunja. Na kiwe kikali kuliko cha jirani yangu Mwaisha, ambaye binti yake kamletea kimoja kutoka Dar, cheupe, kinang'aa kama kijiko cha harusi.
Sababu ni hii. Jumamosi kikundi chetu cha wakulima wa mdalasini hapa Kinole kinachagua mwalimu wa kumenya. Bibi shamba, anaitwa Witness, atatutazama mimi na Mwaisha tukimenya, kisha atasema ni nani. Mimi sijakalia dawati hata siku moja. Herufi hizi nimeziokota kwenye madaftari ya wajukuu. Sasa niitwe mwalimu, Mwaisha anasikia. Naitaka kazi hiyo kuliko chakula.

Jumanne, 6 Mei
Kwa Twalibu mhunzi. Kaniamkia vizuri, kisha kaanza kunifundisha. Vyuma vitatu. Springi ya lori: haivunjiki, makali ya wastani. Tupa kuukuu, ile ya kunolea majembe: inanyoa, na makali yanakaa. Chuma cheupe kisichoshika kutu: makali yanaisha upesi, lakini hakiachi doa. Akasema bibi, kwa mdalasini chukua cheupe. Nikasema cheupe ni cha Mwaisha. Akasema chuma hakina mwenyewe. Nikamkumbusha nimemjua tangu anatambaa bila nguo.
Akasema maji ya ganda la mdalasini na chuma cha tupa havielewani. Nikamwambia mimi na marehemu mume wangu nasi hatukuelewana, na watoto saba tukapata.
Nimechukua tupa.

Alhamisi, 8 Mei
Kisu tayari. Mpini wa mpingo. Kinajikunja, kinalala kwenye pindo kama kifaranga. Nimekijaribu kwenye vinyweleo vya mkono: vimekwenda. Kwenye kamba ya mbuzi: imekwenda, na mbuzi naye kaenda, mpaka kwenye mihogo ya Mwaisha.
Mwaisha kamrudisha mwenyewe, anachechemea, akasema shoga, pokea mgeni wako, ameshakula. Nikamwonyesha kisu. Kakitazama sana, akasema kizuri ila cheusi. Wivu huo. Nikamkalisha, nikampa chai na vitumbua, nikamkanda goti kwa mafuta ya karafuu mpaka akalala kwenye mkeka wangu. Nataka nimshinde akiwa mzima.

Jumamosi, 10 Mei
Siku yenyewe. Kikundi chote kwenye shamba la Pazi, mwenyekiti. Nimekwangua, nimechanja, nimebandua. Ganda limetoka zima, urefu wa mkono, bila tundu. Kisu cha Mwaisha kikachoka kwenye tawi la pili, akawa anakinoa kwenye jiwe, na maganda yake yakatoka vipande vipande. Nilimhurumia. Kidogo.
Kisha Witness akayapanga maganda kwenye turubai. Ya Mwaisha mafupi, rangi ya asali. Yangu marefu, na kila mahali kisu kilipopita pana mstari mweusi kama wino. Unazidi kukolea tunavyoutazama. Nikasema ni mti. Pazi akasema mti ni wake, na mwaka jana haukuwa na wino. Nikasema ni kivuli. Juu kulikuwa na mawingu tangu asubuhi.
Witness kanivuta pembeni kwa adabu. Akasema bibi, mkono kama wako sijauona mlima huu wote, ila tupa inaharibu rangi, na mnunuzi hachukui ganda lenye doa. Ualimu ni wangu nikikubali kufundishia kisu cheupe cha kikundi. Nikikataa, ni wa Mwaisha.
Nimekubali, kwa unyenyekevu. Kisha nikapita nyumba kwa nyumba kuwaeleza unyenyekevu wangu. Nimefika mpaka kisimani.

Jumatatu, 12 Mei
Somo la kwanza. Wanafunzi kumi na wawili, Mwaisha mbele kabisa, juu ya kigoda nilichombebea mimi. Kaniita mwalimu na wala hakucheka. Nikageuka kidogo, nikajifuta uso kwa khanga, nikaendelea.
Kisu cheupe nimekiinua juu wote wakione, kama Witness alivyotaka. Wakakiona. Nikakikunja. Nikangoja pikipiki ya Witness iteremke mpaka kona ya mwisho, ndipo nikatoa cha tupa, nikamenya tawi zima kwa pumzi moja. Makofi. Mmoja akauliza habari ya doa. Nikamwambia doa ni la mti mkorofi, na mti mkorofi hunyooshwa kwa chuma kigumu zaidi. Wameandika wote kwenye madaftari. Maneno yangu, kwenye madaftari ya watu!
Nimewaagiza kesho kila mtu apeleke tupa kuukuu kwa Twalibu, afuliwe kisu kama changu. Mwaisha kaomba chake kizidi changu urefu. Nimekataa.
Twalibu anapiga simu tangu jioni. Sipokei. Atataka kunifundisha, na mwalimu ni mimi.