Pumzi Zangu na Mkono wa Wifi

Jumatatu, 3 Machi

Presha 168 kwa 98. Mimi! Mwanamke niliyeshona sare za shule nzima peke yangu!

Muuguzi wa kliniki kaniongezea kidonge, kisha kaanza kunifundisha kupumua. Nikamwambia nina miaka hamsini na miwili ya kupumua na sijawahi kukosea. Hakucheka. Vuta kwa pua, hesabu nne. Toa kwa mdomo polepole kama unapoza chai, hesabu sita. Dakika kumi asubuhi, kumi jioni, na vidonge nisiache. Ijumaa nirudi nipimwe.

Nikampigia Daktari wangu anionee huruma. (Daktari ni binti yangu. Yeye husema ni muuguzi. Unyenyekevu tu, kaupata kwangu.) Jumamosi hii anavaa joho chuoni kwake, wa kwanza ukoo mzima! Huruma wapi! Kasema presha isiposhuka chini ya 140, basi la safari ndefu vile sipandi, na kadi ya mwaliko, ambayo ni moja tu, atapewa shangazi yake.

Shangazi yake ni wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Mtulivu huyo! Anatembea kama kabeba trei ya mayai. Nampenda sana. Lakini kiti ni changu.

Jumanne, 4 Machi

Kichwa changu kinafanya kazi jamani! Dakika ishirini kwa siku, mara siku nne, themanini. Kwa nini nizisambaze? Nikafunga mlango wa duka nizimalize zote asubuhi, tena mbio mbio, nibaki na muda wa kutia vifungo.

Dakika ya sita midomo ikafa ganzi. Cherehani zikawa mbili. Nikaangukia rundo la vitambaa. Aliyeniinua ni mteja, kanikuta kupitia mlango wa nyuma. Nikamwambia nilikuwa nakagua kitambaa kwa karibu.

Daktari kaniambia kwenye simu kwamba ile si kupumua, ni kukimbia nikiwa nimekaa. Ana maneno huyu mtoto! Nikamsimulia mteja.

Jumatano, 5 Machi

Wifi kaja kunijulia hali. Kaniuliza usingizi, kaniuliza dawa, kisha macho yakapanda ukutani lilipo gauni langu la manjano la mahafali. Kauliza, kwa sauti ya kubembeleza mtoto, kama linaweza kupunguzwa kiuno. Eti endapo tu.

Endapo!

Nikamkaribisha tupumue pamoja, nimwonyeshe mwenye kazi. Akavuta nne, akatoa sita, mabega hayakutikisika. Mimi nikatoa nane. Akanitazama. Nikatoa kumi. Kwenye kumi na nne kifungo cha blauzi kikaruka, kikagonga sufuria. Wifi kanishauri nisishindane na hewa. Na uso wake ule, laini kama shuka lililopigwa pasi!

Nikamtazama ule mkono wake mtulivu. Nikapata wazo. Nikalitunza.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimechanganya pumzi na kazi. Kanyaga pedali nne ukivuta, sita ukitoa, macho nimefumba. Raha! Nikajisikia mwepesi kama uzi. Nilipofumbua, nilikuwa nimeshona mguu wa suruali ya mwalimu wa kwaya, ukafungwa kabisa kama mfuko. Kaja kuijaribu, mguu ukakwama gotini, karuka ruka duka zima akiimba sauti ambayo kwaya yake haijawahi kuifikia. Nimecheka hadi mbavu zikauma.

Kuhusu lile wazo: nimemwomba wifi anisindikize kliniki kesho. Kakubali upesi. Maskini.

Ijumaa, 7 Machi

Foleni ndefu, na muuguzi wa leo ni mwingine, hanijui. Mungu ananipenda! Zamu yangu ilipokaribia nikamwekea wifi kadi yangu ya kliniki mkononi, nikamwambia akiitwa akae tu kitini anishikie nafasi, tumbo limenikamata. Nikakimbilia chooni, nikajifungia.

Nikakaa kimya nisisikike. Hakuna cha kufanya mle. Nikavuta nne, nikatoa sita. Harufu ya dawa ya kusafishia ilikuwa kali, lakini nikaendelea. Nne, sita. Nne, sita. Nikamwona binti yangu na joho lake. Sijui zilipita dakika ngapi.

Ghafla muuguzi anaita mwenzake, mama huyu alazwe kitandani, ni 184 kwa 106!

184! Ule uso wa shuka!

Nikachungulia. Wifi kalala, anasema kwa upole kwamba yeye haumwi, kadi si yake, wifi yake yuko chooni. Hawamsikii. Kadi ni kadi.

Niseme kweli, nilisimama kidogo. Nikinyamaza, aibu inabaki chooni. Lakini presha itaandikwa yangu, na yeye atakwenda nyumbani bila dawa, kisha apande basi na mzigo ule kifuani. Kaka yake aliondoka hivyo hivyo, mtulivu, bila kulalamika hata siku moja.

Nikatoka. Nikaungama mbele ya foleni nzima. Muuguzi alifoka hadi miwani ikateremka puani. Foleni ikaangua kicheko. Wifi kanishika mkono, kaniita mwehu, akaanza kulia. Na mimi nikalia.

Wifi kaanzishiwa dawa, na kaambiwa apumzike, asisafiri. Mimi nikakalishwa dakika tano, mdomo kimya, ndipo nikapimwa.

134 kwa 82!

Jumapili, 9 Machi

Narudi, ndani ya basi. Jana jina la Daktari liliposomwa nilipanda juu ya kiti, vigelegele mpaka msoma majina akasahau anayefuata. Wifi kaona yote kwenye simu, kasema gauni limenikaa. Nimewaeleza abiria wote jinsi nilivyogundua presha yake kwa jicho tu.

Daktari kanisisitizia nisiache kupumua, napimwa tena baada ya wiki mbili. Kupumua tena? Mtu aliyeshafaulu harudii mtihani.

Ila kuna mama mmoja kiti cha mbele, mkono mnene kama wangu, kalala kama mtoto mchanga tangu tuondoke. Nimeshamgusa bega. Nimemuuliza anakaa mtaa gani.