Mzee Mbaraka na Godoro la Kibombo

Jumatatu, tarehe 3 mwezi wa sita
Imetangazwa msikitini, na parokiani pia. Wazee watapiga baiskeli kutoka Kindu mpaka Kibombo. Kwa kila mwenye kufika na baiskeli yake, mufanyabiashara mumoja atatoa godoro kwa materniti ya Alunguli. Wamama wanazalia pale juu ya mukeka! Na mujukuu wangu Mwanvua tumbo imefika. Jirani Sumaili akanyoosha mukono. Mimi nikanyoosha miwili. Wakati wa vita, nani alitoa chumvi Lubutu na baiskeli? Mimi Mbaraka!

Jumatano, tarehe 5
Kuna siri. Sijawahi kukaa juu ya baiskeli. Wakati wa vita tulikuwa tunasukuma. Kiti ilikuwa ya gunia.
Leo nimejaribu. Nimeangukia bustani ya lengalenga ya muke wangu Hawa. Akauliza natafuta nini mule. Nikajibu nakagua mboga.

Ijumaa, tarehe 7
Akili! Nimeambia komite ya safari baiskeli tupu ni ya watoto, mimi nitabeba gunia la chumvi. Nani ataniuliza kwa nini nasukuma? Lakini watu wamesikia. Kila mwenye ndugu Kibombo ameleta mufuko. Hata Sumaili! Viatu vya shemeji yake.

Jumamosi, tarehe 8
Tumeondoka. Sumaili akanipita akipiga kengele. Akauliza kama baiskeli yangu ni mugonjwa, naipeleka kwa munganga. Mushenzi.

Jumatatu, tarehe 10
Wenzangu walifika jana. Lori la komite limerudi kunichukua. Dereva akasema: Mzee, panda, hakuna atakayeona. Mguu mumoja ulishapanda! Nikaomba ruhusa niswali kwanza. Wakati wa vita niliomba tu nisikutane na askari. Leo nimemuombea Mwanvua mpaka nikasahau kujiombea miguu. Nikashusha ule mumoja. Lori likaenda.

Jumanne, tarehe 11
Kibombo! Mufanyabiashara akagoma: huyu hakupiga baiskeli. Sumaili akasimama. Akasema tangazo ni kufika na baiskeli, na baiskeli njo ile, imefika. Mufanyabiashara akatoa godoro. Kisha Sumaili akaninong'oneza kwamba kwenye njia ya Lubutu alikuwa nyuma yangu, anajua siri yangu tangu vita. Atanifundisha kupanda. Nimekataa! Mutu wa vita hafundishwi.

Ijumaa, tarehe 14
Mwanvua amezaa, mutoto wa kike. Juu ya godoro! Nimelibonyeza. Hili njo langu.
Leo msikitini, tangazo lingine. Materniti haina taa. Wanatafuta wazee wa kuogelea Lualaba, ng'ambo mpaka ng'ambo. Sumaili akaniangalia. Nikanyoosha mikono miwili. Wakati wa vita niliuvuka ule muto mara tano!
Ndani ya pirogi, mwingine akipiga kasia. Lakini hawakuuliza.