Mcheri Wangu na Mcheri wa Iwakiri

Jumatatu, 25 Machi

Mcheri wangu ndio mti mzuri kuliko yote mtaani.

Haya, nafuta. Mtaa una micheri miwili, na huo mwingine ni wa Iwakiri, ng'ambo ya uzio wangu. Umechanua mpaka unakera. Matawi yameinama hadi chini kama nywele za bibi harusi anayezikausha. Wangu una vijiua vichache upande mmoja, sawasawa na nywele zilizobaki kichwani kwangu.

Wahenga wetu walisema wapumbavu ni wawili: anayekata matawi ya mcheri, na asiyekata ya mplamu. Mimi ninayo miti yote miwili. Majira ya baridi nikashika msumeno, nikaukata mcheri matawi, nikauacha mplamu. Nilichanganya tu! Marehemu mke wangu angesema nimeokoa nafasi, wapumbavu wote wawili wanalala kitanda kimoja.

Jumanne, 26 Machi

Bibi Fusae, mjane muuza tofu, ndiye anayeamua turubai litandikwe kwa nani siku ya kutazama maua. Akikaa yeye, mtaa mzima umekaa. Kila mwaka anakaa kwa Iwakiri. Naye Iwakiri, mkuu wa stesheni mstaafu, anammiminia sake huku amenyooka kama anapokea treni. Mimi hukaa mwisho wa turubai, karibu na viatu.

Jumapili hii akae kwangu. Mara moja tu, kabla sijafa.

Nimemwendea Iwakiri kwa upole wa nyoka, nikamuuliza mti wake anaulisha nini. Akasema siri yake ni mbolea ya shukrani: mti ukimaliza kuchanua, unaupa chakula, unaushukuru kwa maua. Nikasema vizuri sana. Moyoni nikasema, nishukuru nini, nimepewa nini? Nimerudi nikamwaga debe zima la mbolea shinani, na sake juu yake. Hiyo ni mbolea ya rushwa.

Alhamisi, 28 Machi

Rushwa imekataliwa. Maua yameanguka zaidi, na uwanja unanuka kilabu. Iwakiri amechungulia juu ya uzio, akauliza kwa huruma kama mti wangu unaumwa. Huruma yake inawasha kuliko upupu.

Ijumaa, 29 Machi

Nimepata! Kuna watu wanaokodiwa kujifanya wateja, wasimame mbele ya kibanda cha mtu na kushangaa bidhaa mpaka wapita njia nao washangae. Kwetu tunawaita "cheri", kwa sababu wanatazama bure kama watazama maua. Basi! Mcheri usio na maua si unahitaji cheri wa miguu miwili? Wasimame kwenye uzio wangu waseme "Lo! Lo!" Bibi Fusae atasikia tu.

Gonpachi, rafiki yangu wa bafu la mtaa, anajua watu wa kila aina. Nimepiga simu, hayupo. Nimemwachia mkewe ujumbe: cheri, kwa wingi, Jumapili asubuhi, uwanjani kwangu, na Iwakiri asijue.

Jumapili, 31 Machi

Gonpachi kaja peke yake, kabeba kasha la barafu.

"Cheri hii hapa, Mzee Tokuji. Nyekundu, laini. Juzi tu ilikuwa inakimbia."

Nimefungua. Nyama ya farasi! Nayo kwetu huitwa cheri, kwa rangi yake. Mjomba wa Gonpachi ana bucha, nani angefikiri vingine? Nikamuuliza watu wako wapi. Akasema watu ni kazi yangu, yeye ameleta nyama.

Ningefanya nini? Nimeteleka sufuria kubwa uwanjani, miso, vitunguu vya majani, nyama. Nikaketi chini ya mti wangu uliokonda nikisubiri machozi.

Harufu imeruka uzio. Ng'ambo kulikuwa kumeshatandikwa, watu wanatafuna matonge ya wali baridi. Kisha pua ya Bibi Fusae imetokeza juu ya uzio, halafu Bibi Fusae mwenyewe, halafu turubai, halafu mtaa mzima. Wamekaa kwangu! Nimemmiminia sake kwa mikono miwili. Nikamjazia mpaka nikamlowesha shati.

Ndipo nikaona kitu. Wote wameupa mti wangu mgongo.

"Mzee Tokuji, kumbe ulituficha," Bibi Fusae amesema, macho yametazama ng'ambo, yamelowa. "Mti wa Bwana Iwakiri unatazamwa kutokea hapa kwako. Ukikaa chini yake huoni ila makalio ya matawi."

Wamemwita Iwakiri aje aone. Amekuja. Amesema miaka yote hakujua kuwa mti wake ni mzuri hivyo, akafuta machozi kwa kitambaa kilichopigwa pasi. Mwenye mti akae mbele, wakasema. Akakaa kando ya Bibi Fusae. Wakasogeana, wakasogeana, mimi nikajikuta kwenye viatu. Uwanjani kwangu! Nyama yangu!

Jumatatu, 1 Aprili

Bibi Fusae kaniletea tofu mlangoni. Kasema mwakani tena hapahapa, na kila mwaka, na nikae karibu naye maana sufuria iko kwangu.

Mtu mwenye akili angefurahi. Mimi nimeagiza mianzi, nijenge ukuta mrefu, ng'ambo isionekane kabisa. Wakija mwakani, watautazama wangu wasipende! Na leo nimenoa msumeno. Huu upande wenye maua nitaupunguza kidogo, ulingane na ule mwingine.

Gonpachi, najua nikienda chooni unalisoma daftari hili. Niliagiza cheri ukaleta farasi, kwa hiyo bado una deni la cheri mmoja. Njoo wewe mwenyewe kesho, Iwakiri akiwa anafagia. Simama kwenye uzio wangu, sema "Lo!" Maua yakiwa yamekwisha, sifia gome.