Blanketi la Safu ya Tatu

Jumatatu, 12 Februari

Kahawa kituo cha mafuta, kama kila asubuhi. Mjadala wa meza ya dirishani: je, hii ndiyo timu bora ya mpira wa kikapu kuliko zote zilizowahi kuvaa jezi ya Chuo cha Oostveld? Nikasema ndiyo, tena mbali. Verlyn Postma akasema bado, tusubiri Jumamosi. Verlyn ukimwambia jua limechomoza atasema tusubiri saa sita.

Tumefungwa mara tatu tu tangu Novemba! Vijana wasiolipwa hata senti. Wanasoma kemia, na mwisho wa wiki wanakamua ng'ombe wa baba zao. Na yule Micah Dykstra! Mfupi, masikio makubwa, akiingia uwanjani unadhani amekuja kuuza bisi. Mpe mpira sasa. Mimi ni wakala wa bima ya mazao, siamini neno la mtu mpaka alitie sahihi. Lakini yule kijana akiuachia mpira nasahau kufumba mdomo.

Shida ni kwamba namwona nusu. Miaka yote nakaa safu ya kumi na moja, nyuma ya mpiga tarumbeta kubwa wa bendi ya chuo. Mpigaji akihitimu, anakuja mwingine mnene zaidi.

Na kule chini, safu ya tatu, nyuma kabisa ya benchi letu, pana nafasi tupu! Ilikuwa ya Gerrit Haverkamp, aliyetutoka baada ya Krismasi. Viti vyetu havina namba. Unatandika blanketi lako asubuhi ya mechi, basi, hapo ni pako, hata uchelewe, hata ukumbi ufurike. Kugusa blanketi la mwenzio ni sawa na kupekua mkoba wake kanisani. Gerrit alitandika lake maisha yake yote. Tangu afariki hakuna aliyethubutu kukaa pale. Blanketi liko nyumbani kwa mjane wake, Bi Wilma. Atakayempa yeye ndiye mrithi.

Jumamosi tunacheza na Marnix, mahasimu wetu wa ng'ambo ya mto. Atakayeshinda ndiye bingwa wa ligi. Lazima siku hiyo niwe nimekalia blanketi lile. Nasikia Verlyn ameshampelekea mama huyo bakuli la viazi na nyama ya kuoka. Na tayari anakaa safu ya nne! Anataka kusogea safu moja tu! Tamaa gani hii?

Jumanne, 13 Februari

Theluji usiku kucha. Mungu hawasahau wenye mipango. Nikaamka kabla ya jogoo, nikabeba beleshi kwenda kumsafishia Bi Wilma njia ya gari. Nafika, njia imeshasafishwa, inang'aa kama sahani. Verlyn na ile mashine yake ya kupuliza theluji! Alama za magurudumu bado mbichi.

Mtu mwingine angerudi kulala. Mimi nikafikiri. Nikaanza kuirudisha theluji njiani, beleshi baada ya beleshi, ili mama akiamka anikute ninaiondoa. Nimefika katikati, jasho linanitiririka, dirisha likafunguliwa. Bi Wilma mwenyewe, kichwani amefunga skafu. Akaniuliza, "Darrell mwanangu, unanizika?"

Nikasema napima uzito wa theluji, mambo ya bima. Akasema hewala, nikimaliza kupima niitoe yote, halafu niingie ninywe kahawa.

Nikaitoa yote. Mgongo unaniuma hadi sasa.

Ndani nikamuuliza kwa upole mbona haonekani ukumbini. Akasema anasikiliza redioni. Akasema amejaribu kuja mara mbili, akaishia kwenye maegesho, maana hawezi kuvuka mlango ule akaiona nafasi ya Gerrit iko tupu. Blanketi lilikuwa limekunjwa mezani, buluu na rangi ya chungwa, mkono wake juu yake. Nikaona huu ndio wakati wa neno la faraja. Nikasema nafasi haiwi tupu ikipata mtu wa kuikalia. Akanitazama. Akatazama nje, kwenye njia ya gari. Akaniuliza kama bado nataka kahawa.

Sielewi alimaanisha nini. Nadhani nimemgusa.

Jumatano, 14 Februari

Siku ya wapendanao. Nimempelekea Bi Wilma maua. Ameyapokea vizuri, akaniuliza Joyce amepata ya rangi gani. Joyce! Mke wangu! Nikakimbia dukani, yamebaki yale yaliyolala. Muuza maua ni binamu yake Joyce, habari ilifika nyumbani kabla yangu. Leo nimekula mkate mkavu.

Mchana, jukwaa la mashabiki mtandaoni. Wote wanajadili Micah atamkaba nani Jumamosi, kama kocha aanze na wafupi au warefu. Nikaona jukwaa linahitaji sauti ya busara. Nikajisajili upya kwa jina la Bibi wa Kanisani. Macho yangu hayawezani na herufi ndogo, kwa hiyo nikaiambia simu nayo ikaandika. Nikaeleza kwamba mimi ni ajuza, sina upande, ila nikitazama mji mzima simwoni anayestahili nafasi ya marehemu kuliko Darrell Veenstra. Nikatuma bila kusoma.

Mwisho wa maneno yangu paliandikwa hivi: "ni mtu mnyenyekevu mno Joyce nimekusikia takataka naitoa sasa hivi."

Verlyn alikuwa wa kwanza kujibu. Aliandika, "Shikamoo bibi. Ukimaliza takataka msalimie Darrell." Mpaka jioni wamecheka watu hamsini na mmoja, wakiwemo watu wa Marnix! Aibu yangu!

Alhamisi, 15 Februari

Leo kituo cha mafuta sikwenda. Badala yake nikapita ukumbini saa ya chakula cha mchana, kupima kwa macho nafasi ile inaonyesha nini. Nikakaa safu ya pili, nisije nikavunja mwiko.

Micah alikuwa pale peke yake anatupa. Hakuniona. Anapokea mpira unaorudi, anauinua, anauachia. Nyavu tu. Mpira haugusi chuma. Anasogea hatua, anauachia. Nyavu. Hakuna anayeshangilia, hakuna kamera, nje baridi ya kukata masikio, na yule mtoto wa mfugaji anafanya jambo ambalo wafalme wangelipia kuliona. Nilitaka kuhesabu, nikashindwa. Nikagundua nimevua kofia. Sijui niliivua saa ngapi. Nimeuza bima miaka thelathini na sijaona kitu cha uhakika namna ile.

Na hapo ndipo nilipoapa. Miaka yote hii nimekuwa nikitazama mgongo wa tarumbeta huku utukufu unapita mbele yake! Haiwezekani.

Nikatoka na roho safi, nikaingia duka la mitumba la kanisa kutafuta glavu. Na lo! Kwenye rafu, blanketi la sufu, buluu na rangi ya chungwa, mistari mipana. Pacha wa lile la Gerrit! Chuo kiliyauza zamani, mwaka tulipofika mbali.

Mpango: nalitandika safu ya tatu Jumamosi, milango ikifunguliwa tu. Watu wataona ni la Gerrit. Nikija kukaa juu yake watajua Bi Wilma amenipa. Nani atauliza? Na mama mwenyewe haji ukumbini. Nashangaa akili hii sikuitumia kwenye kazi.

Ijumaa, 16 Februari

Joyce ameliona blanketi. Amesema mchimba kisima huingia mwenyewe. Nikamwambia sichimbi, natandika.

Jumamosi, 17 Februari

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi nilitandika. Hakuna aliyeniona. Nikarudi nyumbani, nikanyoa ndevu, nikavaa fulana mpya. Mechi inakaribia, naingia ukumbini kama bwana harusi, nateremka mpaka safu ya tatu.

Nikakuta umati. Umelizunguka blanketi, hakuna anayeligusa. Mtu ameweka maua pembeni. Verlyn amesimama, kofia kifuani, macho mekundu. Akaninong'oneza, "Darrell bwana, mama ameleta blanketi la mzee. Amelileta litazame mechi." Sauti ikamkatika.

Nami nikavua kofia.

Kocha akaja akainamisha kichwa. Wachezaji wakapita mmoja mmoja kwenda kupasha mwili, kila mmoja akiligusa pindo, wao ambao wamefundishwa tangu utotoni kwamba blanketi la mtu haliguswi. Micah alipita wa mwisho. Aliweka kiganja chake chote. Mkono ule ule! Juu ya blanketi langu la mtumba! Mtangazaji wa redio akaieleza wilaya nzima kwa sauti ya mazishi. Ningekaaje pale? Ningekuwa na moyo wa jiwe ningekaa. Nikapanda safu ya kumi na moja, nikajibanza nyuma ya tarumbeta.

Mechi ikaanza. Tukasimama wote, maana kwetu Oostveld hakai mtu mpaka vijana wetu wafunge kikapu cha kwanza. Kwa kawaida ni suala la kupepesa macho. Leo, wapi! Tunatupa, chuma. Tunatupa, hewa. Marnix wanafunga, wanafunga tena. Hata Micah akakosa! Dakika zikapita. Wazee wa magoti mabovu wakashikana mabega. Mjamzito mmoja akaletewa kiti, akakikataa. Hakuna aliyekaa. Nilitazama watu wale wote, wakulima, wauza magari, walimu, wamesimama kama wanaosubiri hukumu. Mji huu!

Ndipo mlango wa upande ukafunguliwa.

Bi Wilma! Mabuti ya theluji hayajafungwa kamba, koti juu ya aproni, na kwapani blanketi. Lile la kweli. Kocha akaomba mapumziko, sijui kwa ajili ya timu au kwa ajili yake. Watu walikuwa tayari wamesimama, ikawa kama wote tumesimama kwa ajili yake.

Akatembea mpaka safu ya tatu. Akaliona la kwanza. Akainua pindo, akalinusa. Kisha akainua macho, yakapanda safu baada ya safu, yakalipita tarumbeta, yakanikuta. Nikajua nimekwisha. Nikaanza kutafuta mlango.

Akatandika lake juu ya langu. Akashika mkono wa Verlyn. Akasimama, kama sisi.

Mpira ukarudi mchezoni. Micah akaupokea mbali, mbali mno, mahali ambapo mchezaji mwenye akili timamu hatupi. Akatupa. Nilichungulia chini ya kwapa la mpiga tarumbeta nikauona mpira hewani, na naapa ukumbi mzima uliacha kupumua. Nyavu. Halafu sauti ambayo sijawahi kuisikia, kelele na kilio pamoja, na watu elfu moja wakikaa kwa mpigo. Bi Wilma akakaa. Nafasi ya Gerrit ikakaliwa. Nililia kama mtoto, mpiga tarumbeta akanipa kitambaa anachofutia ala yake.

Tumeshinda kwa pointi moja. Mabingwa! Kikapu cha mwisho sikukiona, tarumbeta lilikuwa limeinuliwa. Ila nilikisikia kikipita kwenye nyavu, laini kama pumzi ya mtoto aliyelala, na nimeridhika.

Baadaye mama akaniita kwa kidole. Nikateremka. Akasema, "Lako linanuka naftalini." Nikaanza kueleza. Akasema, "Leo usipime kitu, mwanangu." Halafu akaniambia hivi. Redio iliposema blanketi la Gerrit liko safu ya tatu, alipandwa na hasira ambazo hakuwahi kuwa nazo. Alivaa mabuti aje amzabe kofi huyo mwizi mbele ya watu. Alikuwa ameshavuka mlango, ameshafika katikati ya ukumbi, ndipo alipokumbuka kwamba anauogopa mlango ule. Akanishika mkono. Akasema kuanzia leo atakaa pale mwenyewe, mpaka naye abebwe.

Kofi hakunipiga. Nilisimama pale nimeshikwa mkono, nikajiona mdogo kuliko punje ya mtama. Nimemwahidi Mungu nimeachana na hila. Kabisa! Nina safu ya kumi na moja, nina macho, nina masikio. Mtu anahitaji nini zaidi?

Jumapili, 18 Februari

Kanisani. Moyo mweupe, viatu vimepigwa rangi. Nilimpa Verlyn mkono kwa mara ya kwanza tangu vuli, naye akanikumbatia. Joyce hakuamini macho yake.

Kabla ya wimbo wa pili mchungaji akatangaza kwamba ndugu yetu Verlyn Postma atafanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo keshokutwa, na daktari amemkataza kutoka nyumbani kwa wiki tatu. Mechi za mtoano baada ya ligi zinaanza Alhamisi. Sisi mabingwa tunacheza nyumbani. Safu ya nne, katikati, nyuma ya bega la Bi Wilma, hakuna bendi.

Mchungaji akaomba kila mmoja amwombee Verlyn kimoyomoyo. Nikainamisha kichwa, nikafumba macho, nikamwombea apone. Nilimwombea kwa dhati kabisa, Mungu ni shahidi yangu. Neno "haraka" tu ndilo sikulitaja.