Mgogoro wa Nafsi, Saluni kwa Bernadette

Jumanne, 2 Septemba 2025

Niwie radhi, shajara. Miezi minne bila neno! Nilikuwa nasoma riwaya. Kwa usahihi zaidi, nilikuwa naisahihisha: makosa ya chapa sitini na mawili, na bado niko ukurasa wa arobaini.

Habari njema. Mama Bernadette, mwenye saluni karibu na soko la Warwick ambamo chama chetu cha wasomaji hukutana, ameniomba nitoe mhadhara Jumamosi. Mada: mgogoro wa nafsi katika riwaya hiyo kongwe, ambayo chama kizima kinaisoma. Kisha uchaguzi wa mwenyekiti. Mpinzani ni mmoja: Josias, fundi wa simu, mtu anayesema "kitabu iko muzuri" bila haya. Nikishinda, "iko" itapigwa marufuku mkutano wa kwanza.

Alhamisi, 4 Septemba

Mhadhara tayari. Mada yangu hasa! Nafsi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Umoja na wingi. Ukurasa wa kumi na tisa msimulizi anaanza na "mimi" na kumaliza na "yeye". Mgogoro ulioje! Nimechora jedwali.

Nikampitia Josias kibandani, kupeleleza. Hana hata karatasi. Alisema atasimulia tu "ile kitu iliniuma". Nikamsahihisha: kitu kile kilichoniuma. Akauliza, kumbe Papa Nduwimana, na wewe kilikuuma? Wateja wakacheka. Akaongeza kwamba Papa akisikia mtu anapiga chafya, anasahihisha chafya. Maskini. Ameshashindwa.

Jumamosi, 6 Septemba

Dakika ya kumi ya mhadhara, Anaïs, msusi, akauliza kwa upole hakimu anaingia lini. Hakimu yupi? Kumbe shujaa wa riwaya ni hakimu, na anatokea ukurasa wa hamsini! Lazima amhukumu rafiki aliyemwokoa mtoni. Sheria inamvuta huku, shukrani kule. Huo ndio mgogoro walioutaka: wa moyoni. Nilieleza kwamba, kisarufi, mada ilikuwa na utata. Hakuna aliyenisikia.

Josias akasimama. Akasema hakimu "iko na watu mbili ndani": mmoja amevaa joho, mwingine bado iko kwa maji, anashika mkono wa rafiki. Anaïs akalia. Mama Bernadette akazima mashine ya kukausha nywele. Mimi nikavua miwani, nikaifuta. Vumbi, bila shaka.

Kura: Josias kumi na moja, mimi moja. Ni yangu.

Jumapili, 7 Septemba

Baada ya misa Josias akanifuata. Anataka niwe katibu. "Papa, mimi niko na mdomo, wewe uko na kalamu." Sharti moja: kumbukumbu ziandikwe jinsi watu walivyosema. "Iko" zote zibaki!

Nikikataa, Jumamosi zangu zimekwisha, na sina pengine pa kwenda. Nikikubali, mkono huu utaandika "iko". Saa tatu nilikubali moyoni. Saa nne nilikataa. Saa sita nilikubali, ila kwa masikitiko.

Jioni nimemaliza riwaya. Hakimu anahangaika kurasa mia mbili! Udhaifu mtupu. Mtu mzima mwenye elimu huamua mara moja, hayumbi. Nimeandika hivyo pembezoni, kwa wino mwekundu.

Nimemtumia Josias ujumbe wa kukubali. Nimeufuta. Nimeutuma tena. Nimeufuta. Sasa ameuliza kama simu yangu ni mbovu, niipeleke kibandani kwake.

Nitakuandikia nikishaamua.